Kunyonya kidole: pilipili usimpake

Dada, umeuliza kama umpake mwanao wa miaka 3 pilipili kwenye kidole ili aache kukinyonya. Pilipili hapana. Haibaki kwenye kidole. Akijifikicha macho usingizini imeshaingia. Kwa miaka 3 hiyo bado si tatizo la meno, watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Wasiwasi unakuja akiendelea hadi meno ya ukubwani yanapoanza kuota, karibu miaka 6.

Wangu wa pili alinyonya mpaka gumba likaota sugu, ngozi imejikunja na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Kilichonisaidia ni kuangalia ananyonya saa ngapi: akisinzia, na akikaa mbele ya TV. Basi mchana nikampa mikono kazi, nikipika chapati namkatia donge la unga akande. Usiku alishika kipande cha kanga yangu, na akishalala fofofo nakitoa kidole taratibu. Sikumgombeza hata siku moja, maana kidole ndicho kinachomtuliza. Ukimkaripia anakitafuta zaidi. Asubuhi akiamka gumba kavu namsifu mbele ya baba yake, anafurahi kweli. Ilichukua kama miezi miwili.

Akifika miaka 5 bado ananyonya, au ukiona meno ya mbele ya juu yanatokeza nje, mpeleke kwa daktari wa meno. Kidole kikivimba pembeni ya kucha au kutoa usaha, nenda zahanati siku hiyo hiyo.