Jibu: Mzee alikua jeshi halafu zimamoto na hakutuambia kitu, nitaandika nini kwa wasifu wake?

Pole sana kwanza ndugu, Mungu awape nguvu uko nyumbani. Umesema mazishi ni Jumamosi na yenye uko nayo ni tarehe tu, alizaliwa lini, akaandikwa jeshi lini, akaingia zimamoto lini, ju mzee wako hakua mtu wa stori. Mimi nilikua hapo hapo 2019. Mzee wangu aliingia jeshi 1973, akakaa kambi ya Lanet miaka mingi, akatoka 1991 akiwa koplo, mwaka uliofuata akachukuliwa zimamoto hapa Nakuru hadi akastaafu 2008. Tulimzika Vihiga na ju mimi ndio kifungua mimba, kalamu nikapewa mimi.

Ile ya kwanza niliandika ilikua kama barua ya kuomba kazi. Alifanya hii, akapandishwa ile, akaoa, akajaliwa watoto watano. Nikasomea mama jikoni akichambua mrenda, akasikiza hadi mwisho, akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikairarua.

Sasa badala ya kuandika nikaanza kuuliza watu, na nakushauri uanze na mamako leo usiku kabla wageni wajae. Mama ndio alinipatia kitu sikua najua miaka yote hiyo. Tulikua tunaishi mtaa wa Flamingo hapa Nakuru, nyumba ndogo, sisi watano tunalala chini kwa mkeka mmoja na blanketi moja kubwa ya jeshi. Kila mara mzee akitoka kwa moto wenye watu wameumia, hata kama ni saa tisa usiku na overoli inanuka moshi hadi unakohoa, alikua hali na haogi kwanza. Anachukua tochi, anasimama mlangoni, anahesabu miguu. Kumi. Ndio anaenda kuoga. Kuna usiku alihesabu kumi na mbili, akatuamsha wote kwa kelele za kambini, kumbe binamu yetu alikua amekuja jioni na hakuna mtu alimwambia. Mimi huo usiku naukumbuka vizuri sana, lakini miaka yote nilidhani mzee alikua amelewa tu.

Hio ndio nilianza nayo. Tarehe zote nikatupa kwa ile karatasi ya programu, watu wasome wenyewe wakingoja chakula.

Kwa mambo ya jeshi usijilazimishe kuandika vita kama hukuambiwa vita. Mzee wangu alikua Namibia 1989 na kikosi cha Kenya, wale walivaa bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa wakati nchi ilikua inaelekea uhuru, na mwaka mzima uko alitutolea stori moja tu, ya vile watu walikuja kupiga kura Novemba, wamama wazee wamekaa chini kwa mchanga kwa laini tangu giza na hakuna mtu analalamika. Nikaona haitoshi, lakini nikakumbuka yeye mwenyewe kila uchaguzi kuanzia 1992 alikua anatoka nyumbani saa tisa na nusu usiku na kastuli kake ka mbao, awe wa kwanza kwa laini, na sisi tunamcheka. Nikaziweka pamoja hizo mbili bila kueleza kitu. Watu walielewa. Kama una cheti chake cha kutoka jeshini toa fotokopi, iko na nambari yake na miaka, na wale wa DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu, wanaweza kukutafutia mtu alihudumu na yeye. Sisi tulipata mzee mmoja wa Gilgil kwa njia hiyo, akaja na medali zake zote kifuani na akala sana.

Upande wa zimamoto ndio kuna mambo, usiuharakishe.

Nyanya yetu alikua wa ule umri ulikua unajua wazimamoto ni watu wa kunyonya damu. Hizo stori za enzi za mkoloni zilienea Kenya hadi Uganda, ati wanakushika usiku, wanakutoa damu, inapelekwa kwa wazungu. Sasa mtoto wake anatoka jeshi salama anamwambia amepata kazi ya zimamoto. Nyanya alinyamaza kabisa, baadaye akamuuliza polepole, "Na hio damu mnapeleka wapi?" Alipokuja Nakuru mzee akampeleka stesheni, akamshikisha mpira, akafungulia maji kidogo. Nyanya akaangalia mkono wake umelowa akasema, "Kwa hivyo ni maji tu." Hapo matangani watu walicheka hadi pasta akatoa miwani.

Halafu kuna ile ya "wamekuja bila maji". Kama mzee wako alikua zimamoto najua alirushiwa mawe ju ya hilo neno. Wangu alikua na kovu juu ya nyusi, si moto, ni jiwe. Alikua anatupigia hesabu kwa meza na vifuniko vya soda, gari limebeba lita 5,000, mpira mmoja unatoa kama lita 500 kwa dakika, ukifungua miwili maji yameisha dakika tano, na ile bomba ya kujazia ya barabarani mtu ameijengea kibanda juu. Kwa hivyo gari lilikuja na maji. Niliisoma hio hesabu kwa wasifu vile vile alikua anasema, ju niliona alistahili kujibu hata kama amechelewa.

Na Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009, ile lori ya petroli ilianguka kule karibu na Molo na watu wakaenda kuchota, ikalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Mzee alikua amestaafu miezi michache tu. Habari ilipoingia alisimama akaenda chumbani, tukasikia kabati, akatoka amevaa buti zake na nguo za kulala. Akafika mlangoni, akasimama. Akarudi akakaa kwa kochi na hizo buti hadi asubuhi na redio sikioni. Hakuna mtu alimwambia kitu. Kesho yake akaita vijana wote wa ploti akawaeleza mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa kwa mtaro, unaweza kuwa mbali na lori na bado moto ukufikie, na mtu akikuambia imemwagika na ni ya bure geuka urudi nyumbani. Wakati huo pensheni yake ilikua bado inazungushwa na ofisi fulani sitaitaja, na hakuizungumzia hata mara moja hio siku.

Usisahau pia vitu vidogo vya nyumba. Jiko la makaa kwetu halikuwai lala ndani, hata mvua inyeshe namna gani, na hadi leo dadangu yuko Kisumu anagombana na mumewe ju ya hilo jiko.

Kwa hivyo uliza mamako, uliza yule alikua anamfulia overoli, uliza jirani. Andika kurasa mbili, usizidishe. Na ongea na kamati mapema wakupatie dakika kumi, ju wenye siasa wakifika tu utaambiwa ni tatu.