Sola ya nyumba ndogo: anza na hesabu ya usiku mmoja

Masika yamepita na huku kwetu Lushoto taa za nyumbani kwangu hazikuzimika hata usiku mmoja. Nalisema kwa fahari, maana nilipokuwa natafuta sola muuzaji mmoja alinicheka mbele ya wateja wake: "Mwalimu, hesabu ziache darasani, chukua seti." Iliniuma, na bado inaniuma. Seti yenyewe ilikuwa na inveta ya wati 1000, yaani kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na kibetri kimoja. Ndugu zangu, inveta haizalishi umeme!

Sasa msomaji ameniandikia: "Kaka, nyumba ya vyumba viwili inataka paneli ya wati ngapi?" Vyumba havili umeme, kaka. Vinavyokula ni vile unavyoviwasha.

Mimi na mke wangu tulikaa mezani tukaandika kila kitu, wati zake na saa zake. Zidisha wati kwa saa, unapata wati-saa. Taa tano za LED za wati 7, saa tano: wati-saa 175. TV ya inchi 32 yenye wati 40, saa nne: 160. Redio ya wati 10, saa tano: 50. Simu za nyumba nzima, kama 30. Jumla 415, haifiki hata nusu uniti ya LUKU, maana uniti moja ni wati-saa 1000. Mke wangu akauliza, na pasi je? Pasi ya wati 1000 kwa nusu saa tu ni 500, yaani inakula kuliko nyumba nzima kwa siku. Tukabaki na pasi ya mkaa.

Umeme mwingine hupotea kwenye waya, betri na inveta, kwa hiyo niliongeza asilimia 30, ikawa kama 540. Wauzaji hupigia hesabu jua la saa tano au sita, jua la kiangazi. Mimi nilipigia la Aprili, ukungu ukiwa umelala mlimani, nikajipa saa tatu tu za jua kamili. 540 gawa kwa 3 ni 180, nikanunua paneli ya wati 200. Pima sola yako kwa mwezi mbaya, mwezi mzuri utajitosheleza wenyewe.

Kwenye betri ndiko watu wengi wanakolia. Nilitaka betri ihimili siku mbili za mawingu: 415 mara mbili ni 830. Betri ya gel haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, gawa kwa volti 12, unapata kama Ah 138 (ampia-saa, kipimo cha ukubwa wa betri). Chukua ya Ah 150. Ukiwa na uwezo wa lithiamu, ya Ah 100 inatosha, kwa sababu yenyewe inavumilia kutumika hadi asilimia 80. Betri ya gari achana nayo, imetengenezwa kupiga stata, ukiimaliza kila usiku inakufa mapema.

Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri, iwe ya ampia 30, paneli ielekee kaskazini, ilale kidogo ili mvua iioshe. Na waya usibane pesa: kutoka paneli hadi kontrola mita 10, waya wa milimita za mraba 1.5 unakula zaidi ya volti 2 jua likiwa kali. Weka wa 6.

Kaka uliyeniandikia, kama unataka friji, iandike kwenye orodha tangu leo, usije ukaichomeka baadaye kwenye sola iliyopimwa kwa taa. Nitumie orodha yako kabla hujaenda dukani.