Maswali ya Wasomaji: Tukisomeje Kitabu cha Habakuki?

SWALI: Kikundi chetu kina wiki nne za kusoma Habakuki, kitabu cha nabii katika Agano la Kale. Kila tukianza, tunaishia kwenye 2:4, "mwenye haki ataishi kwa imani yake", na mjadala unakwisha. Wengine wanaishika 1:5, "natenda tendo siku zenu, ambalo hamtaliamini", kama ahadi ya muujiza. Tuanzie wapi? Tena, inakuwaje Mungu awaadhibu waovu kwa mkono wa waovu zaidi?

JIBU: Anzeni kwa kujua nani anasema. Kitabu kina sura 3 na mistari 56 tu. Kukisoma chote kwa sauti hakumalizi robo saa. Wiki ya kwanza kisomeni hivyo, kila mtu na penseli mbili za rangi, moja ya nabii, moja ya Mungu. Nabii analalamika 1:2–4, Mungu anajibu 1:5–11, nabii anarudi tena 1:12 hadi 2:1, Mungu anajibu kuanzia 2:2. Sura ya 3 ni sala.

Mkishapaka rangi, 1:5 itajieleza. Nabii amelia juu ya udhalimu ndani ya Yuda, ufalme wa watu wake, naye Mungu anasema analeta Wakaldayo, yaani Wababeli. Tendo lisilosadikika ni jeshi linalokuja. Msiitikie amina kabla ya kufika mstari wa 6. Paulo naye aliutumia mstari huo kama onyo (Matendo 13:41).

Swali lenu la mwisho ndilo la Habakuki mwenyewe, 1:13. Lipeni wiki nzima, wala msikimbilie kumtetea Mungu: nabii hakukemewa kwa kuuliza. Jibu liko sura ya 2, sehemu ambayo wengi huiruka wakishapata 2:4. Tafuteni "ole" tano: mistari ya 6, 9, 12, 15 na 19. Chora safu mbili, kosa na malipo. Aliyeteka mataifa mengi atatekwa na watu waliosalia (2:8). Aliyemlevya jirani ili autazame uchi wake, kikombe kitamgeukia yeye (2:16). Babeli inatumiwa, lakini haisamehewi deni lake.

Ila malipo hayo yalikawia. Yerusalemu iliangamizwa mwaka 586 KK, na Babeli ikaanguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK, miaka 47 baadaye. Ndiyo maana 2:3 inaagiza kungoja kabla 2:4 haijataja imani. Isomeni mistari hiyo miwili pamoja daima.

Wiki ya nne, sura ya 3, imbeni au someni kwa sauti. "Sela" tatu (neno linalodhaniwa kuwa alama ya muziki) na maagizo kwa mwimbishaji vinaonyesha iliandaliwa kuimbwa. Katika 3:17 hesabuni vinavyokosekana: tini, zabibu, zeituni, mazao ya shamba, kondoo, ng'ombe. Mkulima wa Yuda habakiwi na kitu. Furaha ya mstari wa 18 inatamkwa wakati huohuo, zizi likiwa tupu. Hapa wasomaji hupenda kuongeza kwamba baadaye alirudishiwa, kama Ayubu. Kitabu hiki hakisemi hivyo, nanyi msikiongezee.