Wadogo zangu, hongera isubiri

Asubuhi hii nimemsikia intani mmoja kwenye simu anasema "hongera dada, mistari miwili!" nikavuta faili, IUI (kuwekewa mbegu ndani ya mji wa mimba) ya mbegu za mchangiaji, siku ya 8 tu tangu awekewe. Nilitamani nimnyang'anye simu. Haya kaeni tuongee.

1. Triga, ile sindano ya kulifanya yai litoke, ni hCG, homoni ya mimba. Kipimo cha mkojo kinatafuta hCG hiyohiyo. Mmelisoma hilo, mmelifanyia mtihani, alafu mkimwona mama wa watu anatetemeka mnasahau. Ile ya uniti 10,000 inaweza kukaa mwilini siku 10 na zaidi, kwa hiyo pima damu siku ya 14, na urudie baada ya saa 48.

Mimi nilijua yote hayo na bado niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mama mmoja, mume ana azospemia (shahawa hazina mbegu kabisa), miaka 2 nzima mume anakataa mbegu za mtu mwingine mpaka siku moja akaja mwenyewe akasema haya. Siku ya 9 mama akaja peke yake, kikopo cha mkojo kakificha ndani ya kitenge, "sista nipimie tu, moyo unanidunda." Nikapima. Mstari wa pili ukaja hafifu, nikausogeza dirishani niuone vizuri, nikasema hongera mama. Alikaa chini sakafuni palepale. Mume akafika na kreti ya soda akagawa mapokezi mpaka kwa mlinzi, na jioni mama mkwe kule Tanga ameshapewa habari. Siku ya 14 wakaja, yeye na kanga mpya aliyotumiwa na mkwe, hCG kwenye damu ikasoma chini ya 5, yaani hakuna mimba. Hakulia. Aliniuliza, "sista, kwa hiyo mtoto alikuwepo akatoka, au hakuwepo kabisa?" Nikababaika nikamwambia akamuulize daktari, na jibu nilikuwa nalo: nilipima dawa yetu wenyewe. Na kibaya zaidi kwenye rejista nilishaandika pozitivu, hakuna aliyefuta, mwisho wa mwaka ikahesabiwa mimba.

2. Ndo maana rejista ina safu tatu: kipimo, mapigo ya moyo kwenye ultrasaundi, mtoto aliyezaliwa hai. Msizichanganye.

3. Umri unaoamua ni wa mama, hata mbegu ziwe nzuri vipi. Wafaransa mwaka 1982 walitoa majibu ya wanawake 2,193 ambao waume zao hawakuwa na mbegu kabisa: mpaka miaka 30 kama asilimia 74 walishika mimba, 31 hadi 35 kama 61, zaidi ya 35 kama 54. Lakini hiyo ni hesabu ya mizunguko 12 jamani, sio mmoja! Mnawatajia watu 74 alafu mzunguko wa kwanza ukigoma wanadhani wamelogwa.

4. Mimba ikishika, presha. Mbegu za mchangiaji zinahusishwa na hatari zaidi ya prieklampsia (presha ya hatari inayoletwa na mimba), kwa hiyo andika presha ipimwe kila hudhurio. Ila neno mchangiaji lisionekane kwenye kadi, kadi ya kliniki mawifi wanaisoma kama gazeti.

We uliyepiga simu asubuhi, saa 8 mchana njoo tumpigie tena yule dada. Utaongea wewe, mimi ntakaa pembeni.