Rovu Gongoni, Insulini Safarini: Maswali Yenu Kuhusu Homoni

*Hapa Gongoni chumvi twaiona ikivunwa kila siku. Vipi mama mkwe wangu atoke rovu, na wasema ni kukosa madini ya chumvi?*

Dada, bahari ina iodini kidogo mno, na chumvi inayokauka mabwawani haibaki nayo ya kutosha. Iodini hutiwa kiwandani, chumvi inaponyunyiziwa iodeti ya potasiamu. Kwa hiyo ile ya mawe inayochotwa bwawani ikaletwa moja kwa moja jikoni haina kinga, hata ikiwa nyeupe kama ya paketi. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250.

Tezi ya shingo ikikosa iodini, homoni zake hupungua. Pituitari, kitezi kidogo kama punje ya mbaazi kilicho chini ya ubongo, huhisi upungufu huo na kumwaga homoni ya TSH ili kuihimiza. Tezi huhimizwa na kuhimizwa mpaka inavimba. Lakini rovu la mtu mzima huweza pia kuletwa na vinundu, au na kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Apimwe TSH na shingo ipigwe ultrasaundi kwanza. Kumzidishia iodini mwenye vinundu kwaweza kuiamsha tezi kupita kiasi, moyo ukaanza kwenda mbio. Nyumbani, chumvi ya paketi itieni kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa sufuria.

*Nimeandikiwa thairoksini, homoni ya tezi ya shingo iliyotiwa katika vidonge. Naimeza baada ya swala ya alfajiri kwa kahawa chungu, lakini TSH haishuki. (Langoni, Lamu)*

Kosa ni kahawa. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha ngoja dakika 30 hadi 60 kabla ya kahawa na mahamri. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi viwe mbali kwa saa 4. Usipime tena wiki ijayo: dawa hii huchukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 6.

*Miezi miwili nimemeza vidonge vya kunenepesha, vya kwenye karatasi isiyo na jina. Uso umejaa na presha imepanda. Nataka kuviacha leo. (Malindi)*

Usiviache leo, na usiende kununua vingine. Kesho asubuhi beba vilivyobaki hospitalini, pamoja na karatasi yake.

Vidonge vya namna hii mara nyingi huwa deksamethasoni au prednisoloni, dawa zinazoiga homoni ya kotisoli. Kotisoli hutolewa na tezi za adrenali, zilizoketi juu ya figo kama kofia, na hupanda zaidi karibu na alfajiri. Pituitari ndiyo inayoziamrisha, kwa homoni ya ACTH. Ikiona damu imejaa kitu kinachofanana na kotisoli, hunyamaza. Nazo adrenali zikikaa wiki 3 au 4 bila amri, hunywea. Ukikata dawa ghafla, hakuna anayefanya kazi: mwili hulegea, unatapika, presha na sukari huporomoka. Homa au upasuaji ukikukuta katika hali hiyo, ni hatari ya kufa. Daktari atakupa prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, ya kumezwa asubuhi, aipunguze wiki baada ya wiki, kisha apime kotisoli ya saa 2 asubuhi kabla ya kukata kabisa.

Wanaojipaka krimu kali za kujichubua mwili mzima, zenye klobetasoli, wajue ngozi nayo huinywa dawa hiyo. Tezi hulala vilevile.

*Baba hutumia insulini ya mawingu, ile yenye ukungu mweupe. Twaenda Faza siku kumi na hatuna friji. (Lamu)*

Chupa iliyofunguliwa hukaa kama siku 28 nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Mchana wa kiangazi Lamu huvuka hapo, basi ifungeni katika mfuko usiopitisha maji, muitie ndani ya chungu, na chungu kiwe ndani ya kingine chenye mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Maji yakikauka joto hushuka, ingawa unyevu wa pwani hupunguza nguvu ya hila hii. Botini isilale juu ya barafu: insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka.

Kabla ya kujidunga, baba aivingirishe chupa viganjani mara 10, asiitikise. Ikibaki na mabonge, tupeni. Abadilishe mahali pa kudunga kila siku, maana ngozi iliyofanya vinundu hunywa dawa bila mpango, na sukari hupanda na kushuka.

*Kujitoboa kidole kupima sukari kwabatilisha saumu? (Shela)*

Wanavyuoni wengi wasema hakubatilishi. Pima, hasa alasiri. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, fungua hapo hapo: vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikipita 16.6, pia fungua, unywe maji na umtafute daktari.