Kwangu ni Jeremiyah Love

Mkuu, umeuliza nani alikuwa mkimbiaji bora (yule anayebeba mpira na kukimbia nao) wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo kuelekea msimu wa 2025, maana Ashton Jeanty wa Boise State, aliyekimbia na mpira yadi 2,601 msimu wa 2024, alishaenda NFL, ligi ya kulipwa. Mimi nasimama na Jeremiyah Love wa Notre Dame. Watu wanazitaja sana zile yadi 98 alizokimbia kwa mkupuo mmoja dhidi ya Indiana, lakini mimi natazama yadi 2 tu, nusu fainali na Penn State: goti linamsumbua, mabeki wanamvaa mmoja baada ya mwingine, haanguki, ananyoosha mkono mpaka mpira unavuka mstari wa kufungia. Wakimbiaji Singleton na Allen wa Penn State walikuwa wazuri mno, ila walikuwa wanapokezana kubeba mpira.