Mama kapimwa mifupa kisiginoni, je majibu yale yanatosha?

SWALI: Habari za kazi dokta. Naandika kutoka Mbagala. Bimkubwa wangu ana miaka 63, juzi walikuja watu wa afya hapa jirani wanapima mifupa bure, akaingiza mguu kwenye kimashine wakampaka jeli kisiginoni, ikatoka karatasi imeandikwa T-score −2.7 na alama imeangukia kwenye nyekundu. Wakamwambia ana osteoporosisi, yaani mifupa imepungua na inavunjika kirahisi, wakamuuzia kopo la kalsiamu na kila miezi mitatu arudi waangalie kama mifupa inajaa. Ni kweli magoti yanamsumbua muda mrefu. Sasa hiyo ultrasaundi ya kisigino ni ya kuaminika? Na inaweza kuonyesha dawa inafanya kazi?

JIBU: Salama kabisa, na bimkubwa mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa mionzi na ultrasaundi, siyo daktari wa mifupa, kwahiyo nitajibu upande wa kipimo na mambo ya dawa mtamalizana na daktari.

Mashine hiyo ipo kweli na ina utafiti wa miaka mingi nyuma yake, wazo lake lilianza kuandikwa kitaalamu mwaka 1984 Uingereza. Msiichanganye na zile za kushika fimbo ya chuma mkononi halafu kompyuta inakutolea majibu ya ini, figo na mifupa ndani ya dakika moja, hizo hazipimi mfupa kabisa, msizipe hela.

Ya kisigino haichori picha kama ultrasaundi ya mimba. Mguu unakaa katikati ya probu mbili, yaani vile vichwa vya kutuma na kupokea sauti, moja inatuma sauti na ya upande wa pili inapokea, na sauti yenyewe ni ya masafa ya chini, yaani inatetemeka mara chache zaidi kwa sekunde, kama megahezi 0.2 mpaka 0.6, wakati ya mimba inaanzia megahezi 2 kwenda juu na hiyo ikigonga mfupa inarudishwa, nyuma yake unaona kivuli cheusi tu. Wanachagua kisigino kwasababu nyama ni chache na ndani yake karibu mfupa wote ni ule wenye vitundu, ukikata mkate wa kumimina ukatazama ndani ndo umeuona, na mfupa wa aina hiyo ndo unaoanza kupungua mwanamke akishakoma hedhi. Kinachopimwa ni vitu viwili: sauti imepita kwa kasi gani, na imemezwa kiasi gani njiani. Mfupa ulioshiba unapitisha sauti haraka na unameza sana zile za masafa ya juu, uliopungua sauti inapita taratibu na inamezwa kidogo. Mashine inachanganya hivyo viwili inakupa namba.

Sasa hapa ndo penye shida na naomba unielewe vizuri. Ile −2.5 ambayo kila mtu anaitaja kuwa ndo mpaka wa osteoporosisi, Shirika la Afya Duniani waliitoa mwaka 1994 kwa kipimo kingine kabisa kinachoitwa DXA, ambacho kinatumia eksrei hafifu sana kupima madini ya mfupa, hasa nyonga na pingili za kiuno. T-score maana yake umelinganishwa na kijana mzima mwenye afya. Ya kisigino nayo inalinganisha hivyohivyo lakini inapima kitu tofauti, mfupa tofauti, na kila kampuni ina mashine yake na hesabu yake, kwahiyo −2.7 ya kisigino siyo −2.7 ya nyonga na huwezi kumwandikia mtu ugonjwa kwa namba hiyo peke yake. Ila usiitupe karatasi. Kwa wanawake waliokoma hedhi imeonekana wazi kwamba wenye namba za chini kisiginoni wanavunjika zaidi, nyonga na pingili pia, kwahiyo mama yuko kwenye kundi la kufuatilia na asikae nyumbani na kopo la kalsiamu akaona yameisha.

Hayo ya kurudi kila miezi mitatu mimi siyakubali. Mfupa unabadilika polepole mno, hata dawa nzuri inaongeza asilimia chache tu kwa mwaka, tena inaonekana zaidi kwenye pingili kuliko kisiginoni, wakati kipimo chenyewe kinacheza kwa vitu vidogo sana. Mguu ukiwa wa baridi namba inahama, ukiwa na joto inahama, miguu ikivimba jioni baada ya kusimama gengeni kutwa inahama, kisigino kikikaa pembeni kidogo sauti inapita sehemu nyingine ya mfupa na namba inahama tena. Yaani mama anaweza kutoka −2.7 kwenda −2.4 wakamwambia kopo limefanya kazi, kumbe mfupa ni uleule. Wataalamu wa kimataifa wa vipimo vya mifupa wanasema wazi ultrasaundi ya kisigino isitumike kufuatilia matibabu. Kufuatilia ni DXA, mara nyingi baada ya mwaka mmoja mpaka miwili, na iwe mashine ileile.

Kuna ultrasaundi mpya imetoka Italia inaitwa REMS, hiyo inasoma mwangwi wa kwenye kiuno na nyonga penyewe bila mionzi, Marekani waliiruhusu 2018, na yenyewe imetengenezwa kwa kulinganishwa na DXA. Kwahiyo mtu akikwambia ana ultrasaundi ya mifupa muulize inapima wapi, akisema kisigino ushajua.

Magoti ni habari nyingine. Hayo mara nyingi ni gegedu, ule mto laini wa kwenye jointi, limelika, watu wanasema mifupa imesagika. Osteoporosisi yenyewe haiumi mpaka kitu kivunjike, kwahiyo maumivu ya goti hayathibitishi chochote kwenye ile karatasi, yatibiwe kivyake.

Mpeleke hospitali kubwa ya rufaa na karatasi yake, muulizie DXA. Mionzi yake isiwatishe, ni chini ya eksrei ya kifua. Na kama DXA haipatikani au hela haitoshi bado kuna njia, daktari atauliza kama alishawahi kuvunjika mkono au nyonga kwa kuanguka kawaida tu, hedhi ilikoma na miaka mingapi, mzazi wake alivunjika nyonga, ametumia prednisolone (dawa ya kundi la steroidi) muda mrefu, ana dawa nyingine gani za kila siku. Kuna kikokotoo kinaitwa FRAX kinafanya hesabu ya hatari hata bila DXA. Mpimeni na urefu ukutani bila viatu, akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi toka ujanani apigwe eksrei ya mgongo ya upande kuangalia pingili zilizobonyea, maana pingili iliyobonyea yenyewe bila ajali kubwa daktari anaweza kuanza dawa hata bila namba yoyote. Ila eksrei ikisema mifupa ipo sawa msishangilie, ya kawaida inaonyesha upungufu pale mfupa umeshapotea kama asilimia 30 hivi.

Damu nayo ipimwe kalsiamu, figo na vitamini D, kwasababu kuna magonjwa mengine yanayolegeza mifupa na tiba yake siyo hii, na dawa zinazotumika sana kama alendronate zinahitaji figo zijulikane kwanza. Kopo la kalsiamu amuonyeshe daktari aangalie dozi, maana lengo ni kama miligramu 1200 kwa siku ukijumlisha na chakula, na mama anayekula dagaa wazima na mtindi kila siku huenda anahitaji kidogo tu ya kuongezea. Peke yake kalsiamu haitibu osteoporosisi.

Akipata maumivu ya ghafla mgongoni baada ya kunyanyua ndoo au kuinama, msisubiri appointimenti, nendeni siku hiyohiyo.